Ganda la chungwa halitupwi baharini: jibu kwa mjukuu wa askari wa Keya

Swali limetoka kwa msomaji wa Malindi. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo Mwalimu. Babu yetu mzaa mama alikuwa Keya wakati wa vita vya Hitler. Alifariki mimi nikiwa darasa la sita. Alikuwa akitusimulia kwamba walipandishwa meli Kilindini kwenda Bama (Burma, Myanmar ya leo), meli tano kwa pamoja, na kwamba mtu akionekana anatupa hata ganda la chungwa baharini anawekwa ndani. Alisema meli zilikwenda upogo kama mlevi anayerudi kwake. Na alisema manowari ya Waingereza ilitupa mabomu majini mahali ambapo watu wao wenyewe walikuwa wakiogelea. Mjomba wangu, ambaye amesoma, anasema hizo ni porojo za wazee, hakuna jeshi linalopiga watu wake. Jambo jingine: babu alizaliwa katika nyumba ya wavuvi pale Shela, Malindi, lakini aliporudi vitani hakupanda chombo tena, alilima tu mpaka mwisho wake. Je, kuna ukweli wowote? Na tunaweza kujua alisafiri na meli gani?"

Marahaba mwanangu. Nianze na ganda la chungwa, kwa sababu ndilo lililonifanya nimwamini babu yako kabla sijamaliza kusoma barua yako. Mtu anayetunga hadithi ya vita hutunga mizinga, hutunga maadui aliowaangusha. Nani atunge ganda la chungwa? Taka zikitupwa kutoka melini mchana hazizami zote. Maganda, karatasi, makombo ya jikoni na masanduku ya mbao huelea nyuma ya meli, yakachora mstari juu ya maji. Nyambizi ikiukuta mstari ule, haina haja ya kuuliza njia. Kwa hiyo taka zilikusanywa kutwa nzima kwenye mapipa, zikamwagwa mara moja giza likishaingia, ili kufika alfajiri msafara uwe umeshaziacha mbali. Sheria ni hiyo hiyo iliyokataza kuwasha kiberiti sitahani usiku. Sigara moja baharini, usiku usio na mwezi, huonekana mbali kuliko mtu anavyodhani. Sisi wa pwani tunalijua hilo kwa karabai za wavuvi.

Upogo nao ni kweli. Nyambizi za wakati ule zikishazama zilikuwa na mwendo mdogo kuliko meli nyingi, hazikuweza kuifukuza meli kutoka nyuma. Ilibidi nyambizi itangulie, ijifiche, ipige hesabu meli itakuwa wapi baada ya dakika kadhaa, kisha irushe topido, yaani lile bomu linalojiendesha lenyewe chini ya maji, kuelekea mahali ambapo meli haijafika bado. Meli ikigeuka ghafla, hesabu yote imeharibika. Basi manahodha walikuwa na ratiba, dakika kadhaa kulia, dakika kadhaa kushoto, msafara mzima ukigeuka kwa wakati mmoja. Askari aliyekaa sitahani bila kuambiwa lolote angesema nini, kama si kwamba nahodha amelewa?

Hapa niungame. Miaka mingi iliyopita, hapa Lamu, mzee mmoja wa Langoni alinieleza jambo hili hili, nami nikamkatiza. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na cheti kipya. Nikamwambia, mzee, chombo cha tanga ndicho kinachobisha, kinakwenda upande huu na upande huu kutafuta upepo. Meli ya mashine ya nini kujisumbua? Akanitazama, akaagiza kahawa nyingine, akaanza kuzungumzia bei ya samli. Habari za vita hakunisimulia tena mpaka tulipomzika. Nilikuja kusoma baadaye na kuona kwamba kila alichosema kilikuwa sawasawa. Kwa hiyo mjomba wako nisimlaumu sana, ugonjwa huo nami niliuugua.

Sasa safari yenyewe. Vita vilikuwa vimeshaifikia Malindi kabla babu hajavifuata: Oktoba 1940 ndege za Waitalia ziliudondoshea mji mabomu. Kutoka Malindi, kijana aliyeandikwa jeshini alifika Mombasa ama kwa jahazi ama kwa lori, na lori lilikuwa na vivuko viwili vya kungoja, Kilifi na Mtwapa, kabla ya kulipita daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea juu ya maji. Kilindini aliyoiona haikuwa bandari ya kawaida. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, hiyo inayoitwa Sri Lanka leo, na Waingereza wakahamishia makao ya kundi lao la manowari za Mashariki Kilindini. Hata shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, mabaharia wakakaa mle wakifumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Watu wa Mombasa walipita nje ya ukuta wake kila siku bila kujua.

Neno "Keya" lisikufunge. Keya ni KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, askari wa bunduki, lakini vijijini kila aliyevaa kaki aliitwa hivyo. Maofisa waliokuja kuandikisha walikuwa na fikra zao kuhusu kabila gani "linafaa" kwa bunduki, na vijana wa pwani mara nyingi waliangukia kwingine: udereva, vikosi vya kazi, hospitali, mizinga. Hili litakuwa na maana tutakapofika kwenye meli zenyewe.

Wengi waliopanda gati pamoja naye walikuwa vijana wa bara, na bahari walikuwa wakiiona kwa mara ya kwanza siku ile. Hao waliogopa maji. Mtoto wa mvuvi hakuogopa maji, na nadhani ndiyo maana aliteseka zaidi. Yeye alizoea chombo ambacho upepo unakupiga usoni na ukinyoosha mkono unagusa bahari. Meli ya askari ilikuwa meli ya abiria au ya mizigo iliyogeuzwa: maofisa vyumbani juu, askari Waafrika chini, ghorofa kwa ghorofa mpaka ngamani. Machela ya turubai yalining'inizwa kwenye ndoana za dari, yamesongana hivi kwamba mmoja akijigeuza jirani yake naye anajua. Mchana machela yanakunjwa, mahali pale pale panawekwa meza za kulia. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya giza la lazima. Joto la Februari la ikweta, harufu ya rangi, mafuta ya mashine na matapishi. Maji ya kuoga ni ya bahari, na sabuni haitoi povu, inakuachia mwili unanata kama uliopakwa asali. Mzee mmoja aliniambia kwamba kilichomkera katika vita nzima si risasi, ni sabuni ile.

Na kila siku king'ora. Kinalia, kila mtu anavaa jaketi la kuokolea, anapanda ngazi ya chuma mpaka kwenye mashua aliyopangiwa, anasimama pale anahesabiwa. Jaketi lile usiku ndilo mto wa kulalia. Mtoto wa mvuvi alikuwa na jambo moja ambalo wenzake hawakuwa nalo. Alijua kuhesabu. Akitazama watu, akitazama ngazi, akitazama mlango, alijua kwamba siku king'ora kikilia kwa kweli, wa chini hawafiki juu.

Tuje kwenye mabomu.

Tarehe 5 Februari 1944 msafara uliopewa jina KR 8 uling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo. Kwetu ni kaskazi hiyo, wakati ambao majahazi ya Arabuni huwa bado yamelala hapa Lamu na huko kwenu yakisubiri kusi. Meli za askari zilikuwa tano, kama alivyosema babu yako: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Manowari kubwa Hawkins ilikuwa nazo, na karibu na visiwa vya Maldivi zikawapo manowari mbili nyepesi za kuwinda nyambizi, Petard na Paladin.

Katika Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, askari wetu na maofisa wao. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza na wanawake kadhaa, wengi wao wauguzi. Tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana hivi, baada ya chakula, wengine walikuwa wamejilaza na wengine wakisikiliza muziki katika ukumbi wa juu. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ilirusha topido. Mbili ziliipata meli. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Soma hapo pole pole, kisha urudi kwenye ile ngazi ya chuma niliyokueleza.

Meli nne zilizobaki hazikusimama. Amri ilikuwa kutawanyika kwa kasi zote, kwa sababu meli iliyosimama kuokoa watu ni meli ya pili kuzama. Petard na Paladin ndizo zilizorudi. Paladin ilianza kuokota watu. Petard iliisaka nyambizi kwa vyombo vyake vya sauti, ikaipata chini ya maji yale yale ambayo waliookoka walikuwa wakielea. Labda nyambizi ilikwenda pale makusudi, labda ndipo ilipojikuta. Vyovyote iwavyo, nahodha wa Petard alikuwa na jambo la kuamua na hakuwa na muda. Akiiacha nyambizi, itazifuata zile meli nne zenye maelfu ya askari. Akiipiga, atapiga juu ya watu waliokuwa wakimpungia mkono.

Aliipiga.

Silaha yenyewe ni pipa la baruti linalotupwa majini, lililotegwa lipasuke likifika kina fulani. Mjomba wako asiyeamini mpeleke kwa mvuvi yeyote mzee wa pwani amweleze baruti inafanya nini kwa samaki. Huna haja ya kumlenga samaki. Maji yenyewe ndiyo yanayompiga, tumbo linapasuka, anaelea bila jeraha la nje. Ndivyo ilivyokuwa kwa binadamu siku ile. Nyambizi ililazimika kuibuka juu. Paladin ikataka kuigonga kwa omo lake, ikachanwa ubavu. Mizinga haikutosha kuizamisha. Petard ikarusha topido, moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoipata. Shughuli nzima ilichukua zaidi ya saa mbili, na kwa saa hizo wengi wa waliokuwa hai majini waliendelea kungoja.

Waliokufa ni 1,297. Waliookoka ni 214, wanaume 208 na wanawake 6.

Kwa hiyo mjomba wako amekosea. Jeshi lilipiga mahali palipokuwa na watu wake, na limekiri hivyo katika maandishi yake. Watu wanabishana mpaka leo kama nahodha yule alifanya sawa. Mimi kila nikiamua upande mmoja, usiku nahamia wa pili, na sitajifanya kwako kwamba nina jibu.

Lakini nikutahadharishe jambo moja, maana hukuniuliza ili nikufurahishe. Kama babu alikuwa katika moja ya zile meli nne, meli yake ilikuwa ikikimbia. Huenda aliona moshi, akaona maji meupe yakiinuka kwa mbali, akasikia mshindo ukigonga chuma cha meli yake mwenyewe, maana sauti ya baruti chini ya maji hubisha hodi ubavuni kama nyundo. Kwamba watu walikuwa wakiogelea pale, huenda aliambiwa baadaye Ceylon. Mtu akikaa na habari miaka arobaini, alichokiona na alichosikia huwa kitu kimoja, na huo sio uongo. Inawezekana pia hakuwa katika msafara ule kabisa, alifuata miezi michache baadaye, akaikuta habari midomoni mwa kila askari. Idadi ya meli tano inanivuta kusema alikuwamo, ila siwezi kula kiapo.

Ukiuliza kwa nini mjomba hakulisoma hili shuleni, jibu ni jepesi. Wakati wa vita, habari ya meli iliyozama haikutangazwa ovyo, adui asijue alichofanikiwa, na barua za askari zilisomwa na mkaguzi kabla hazijafungwa. Vita vilipoisha, vitabu vikaandikwa na wengine.

Kutoka Colombo safari yake huenda iliendelea hivi: miezi ya mazoezi misituni Ceylon, kisha meli tena hadi Bengali katikati ya 1944, halafu treni na malori hadi Imphal. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyobeba alama ya kichwa cha kifaru begani, iliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, kwenye tope na malaria, na Desemba 1944 ikavuka mto Chindwin pale Kalewa. Hayo yana mapana yake. Uliza siku nyingine.

Tuje kwenye kumtafuta. Kwanza kabisa, fungua sanduku la bibi. Usitafute picha, tafuta karatasi ya kuachishwa jeshi. Ndiyo yenye namba yake na jina la kikosi, na bila namba utazunguka bure. Karatasi ikiwa imeliwa na mchwa, tafuta nishani. Nyota ya Burma ina ncha sita, na utepe wake ni wa buluu iliyokoza, mstari mpana mwekundu katikati, na michirizi ya rangi ya chungwa pembeni. Nyota hizo kwa kawaida hazikuchongwa jina, kwa hiyo itakuambia alifika Bama lakini haitakuambia yeye ni nani. Ukishajua kikosi, shajara za vita za vikosi vya Uingereza zimehifadhiwa Kew, London, na humo mara nyingi imeandikwa kikosi kilipanda meli lini na wapi. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, nazo zina majalada ya utawala wa wilaya za pwani. Nenda na subira na kitambulisho.

Jina la babu yako mwenyewe halitakuwa katika orodha yoyote ya makaburi, alhamdulillahi, kwa kuwa alirudi. Lakini mwishoni mwa barua yako umetaja, kama jambo la kupita tu, kwamba alikuwa akimtaja mwenzake wa Mambrui ambaye "alipanda meli nyingine". Hilo lisikupite. Kama mwenzake huyo alikuwa Khedive Ismail, hana kaburi, lakini askari wa Afrika Mashariki waliozama nayo wanakumbukwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, kwenye ukuta wa majina uliojengwa kwa ajili ya wasio na kaburi. Tume inayotunza makaburi hayo, Commonwealth War Graves Commission, ina orodha kwenye intaneti pia, unaweza kutafuta ukiwa hapo hapo Malindi kwa simu yako.

Kuhusu kuacha bahari, mimi sikumjua babu yako na sitamsemea. Nitakuambia tu nilichosikia kwa wengine. Wazee wawili niliowahi kukaa nao walirudi kutoka Bama wakaendelea kuvua kama kawaida, lakini hakuna hata mmoja aliyekubali kulala katika chumba chenye mlango uliofungwa. Mmoja alilala barazani masika na kiangazi hadi alipofariki, mkewe akidhani ni joto. Muulize mama yako babu alikuwa akilala wapi.

Na unapotafuta lile jina la Mambrui, usitafute kwa tahajia moja. Makarani waliandika walichosikia, na masikio yao hayakuwa yetu. Karisa mtafute pia kwa C na kwa Kh. Mwinyi mtazame kwenye Muinyi na Munyi. Bin mara nyingine imeunganishwa na jina, mara nyingine jina la baba ndilo lililowekwa mbele. Andika namna zote kwenye daftari kwanza, kaa na mama yako mzitamke kwa sauti kama Mzungu anavyozitamka, halafu ndipo uanze.